Ngoma Iliyolowa

Msiniulize nilifikaje Shoroba. Watu wa kwetu wakisikia fulani amesafiri hutaka habari za njia: alipanda nini, alilala wapi, alikutana na nani. Njia haikuniuma. Lililoniuma ni kura niliyopiga siku ya nne, na hiyo ndiyo nitakayoieleza, kama ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Mimi ni fundi mizani. Miaka thelathini na moja nimetengeneza mizani za wauza karafuu, za mabucha, na za zahanati wanakopimwa watoto wachanga. Kazi hii humzoesha mtu ubishi. Ukiniambia kitu ni kizito, nakwambia kiweke hapa tukione. Kwa ubishi huo niliingia Shoroba, na kwa ubishi huo nikafanya nilichofanya.

Shoroba ni nchi iliyoezekwa. Ina lango moja tu, na upepo huingia kwa lango hilo na kutoka kwa lango hilo hilo. Ukishapita, ushoroba mkuu unagawanyika mara mbili, kila tawi tena mara mbili, na tena, na tena, mpaka unafika mahali unapita kwa ubavu. Mwisho kabisa ziko nyumba ndogo za mviringo, zimesongamana kama zabibu kwenye kichala. Watu wa huko hawalimi wala hawapiki. Chakula chao ni upepo. Unaingia, wanashiba, wanauachia utoke, na kuutoa ni wajibu sawa na kuupokea, maana uliochakaa usipotoka, mpya hauna pa kuingilia. Mimi nilikula mihogo mikavu niliyokwenda nayo, nao wakanitazama kwa huruma.

Langoni nilipokewa na wafagiaji wanne wenye brashi. Walinikung'uta kanzu, wakaniosha viatu, wakanisugua hata nyuma ya masikio. "Sheria ya Usafi," wakaniambia. "Vumbi haliingii Shoroba." Walipotaka mkoba wangu wa vifaa nilikataa katakata. Mkoba ule hulala zizini kwa mbuzi wangu, na ndani mna mawe ya kupimia ambayo simwachii mtu. Wakanong'onezana, wakaona huyu mgeni mkaidi, wakaniacha nipite na mkoba wangu.

Nilipangiwa kukaa kwa Bi Mwatima, mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Mwenye maneno alikuwa binti yake, Mize, aliyekaa nyumba ya mwisho ya ushoroba wa nane na aliyekuja kunilaki njiani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akasema. Kisha akaona muhogo mdomoni mwangu. "Ee babu! Kwenu mnatafuna kuni?"

Akacheka, na kicheko chake kikasikika nyumba tatu mbele. Dirishani kwake alitundika pazia jekundu. Upepo ukiingia lilituna, ukitoka lilinywea, linatuna, linanywea, mchana kutwa. Bi Mwatima akiwa kazini kwake, kwenye njia panda, alikuwa akilitazama pazia lile kwa mbali kila baada ya muda mfupi. Nilidhani ni mazoea tu ya mama.

Sasa sikilizeni sheria zao. Kila njia panda ya Shoroba ina ngoma, na kila ngoma ina mlinzi. Ngoma ikilia, mambo matatu hufanyika bila mtu kuuliza. Walio nyuma ya kuta hukaza kamba ili ushoroba ubane. Wengine humwaga ute ili adui anase. Na kuta zenyewe huvimba. Adui anayekusudiwa ni Mnyoo. Zamani, wanasema, minyoo iliingia Shoroba ikala watu, na ngoma ndizo zilizoiokoa nchi. Nikauliza ni nani amewahi kumwona huyo mnyoo. Jemadari Ngwali, mkuu wa walinzi, mtu mnene mwenye sauti nzuri, alinionyesha picha ukutani. Yeye hajamwona, babu yake hakumwona, wala babu wa babu yake.

"Hiyo ndiyo dalili kwamba ngoma zinafanya kazi," akaniambia. Nikaona ni jibu la haja.

Mlinzi hupandishwa cheo kwa mara alizopiga ngoma. Asiyepiga huitwa mlalaji, na hata mkewe huchekwa kisimani. Kwa hiyo hupigwa kwa unywele wa paka, kwa moshi wa ubani, kwa mtu aliyepita amejipaka mafuta mazuri. Mize alikuwa na neno lake juu ya walinzi: "Debe tupu haliachi kuvuma." Mama yake alimkanya, lakini nilimwona akificha tabasamu.

Bi Mwatima mwenyewe alikuwa Mtulizi. Zamani Watulizi walikuwa mia mbili. Mimi niliwakuta kumi na wawili. Hawana silaha. Kila mmoja ana kitambaa na kibuyu cha maji. Ngoma ikilia, Mtulizi huja, akatazama kilichoingia, na kama si adui humwekea mlinzi mkono begani akamwambia, "Basi, mwanangu. Huyu namjua." Mlinzi asiposikia, Mtulizi hulowesha kitambaa akakitandika juu ya ngoma. Ngozi iliyolowa hailii. Kamba hulegezwa, ute hukauka, upepo hupita. Kazi yenyewe ni hiyo tu.

"Na wewe unajuaje kwamba si adui?" nilimuuliza siku ya tatu.

"Nilikaa Uwanja wa Vumbi tangu mdogo. Ulikuwa kando ya lango. Wakituletea vumbi la zizi, manyoya ya paka, majani makavu, unga wa maua. Tunashika, tunapiga chafya, tunacheka. Mtu uliyecheza naye utotoni humpigii kelele za mwizi."

"Uko wapi uwanja wenyewe? Nikauone."

"Umefagiliwa. Tangu ilipokuja Sheria ya Usafi watoto hawagusi kitu. Ndiyo maana tumebaki kumi na wawili, na mdogo wetu ni mimi." Akalitazama pazia jekundu. "Msimu wa maua umekaribia, bwana fundi. Ngoma ya njia panda ya nane ndiyo hulia ya kwanza, na ushoroba wa nane ndio mwembamba kuliko yote. Kila mwaka nakaa pale na kitambaa changu. Nisipokaa, Mize hapati upepo."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu haya. Nayasema ili asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Siku ya nne lilikutana Baraza. Hoja ilikuwa ya Jemadari Ngwali: Watulizi waondolewe, na yeyote atakayelowesha ngoma tangu siku hiyo ahesabiwe msaliti. Mwenyekiti, Bwana Faki, mzee mpole anayeogopa kelele, alimpa Jemadari nafasi kwanza.

"Waheshimiwa," akasema Ngwali, "mwaka huu walinzi wangu wamepiga ngoma mara mia nne na kumi na mbili. Mara mia nne na kumi na mbili tumekuwa macho! Nauliza Watulizi, kwa heshima zote: wao wamemkamata nani?"

Bi Mwatima akasimama. "Hatujakamata mtu."

"Mmefukuza nani?"

"Hatujafukuza mtu."

"Basi mama yangu, mnafanya nini?"

"Tunafanya jambo lisitokee."

Baraza likaangua kicheko. Mjumbe mmoja akataka aonyeshwe hilo jambo lisilotokea, angalau ncha yake. Mwingine akauliza kama na yeye anaweza kuajiriwa kutofanya jambo, kwa sababu ana kipaji. Bi Mwatima alingoja wamalize. "Siku tutakapoondoka mtaliona," akasema. "Ila sitaki mlione. Mwanangu anakaa mwisho wa ushoroba wa nane."

"Ahaa!" akasema Ngwali. "Kumbe ni mambo ya nyumbani."

Zikapigwa kura kwa vijiwe, na vikapu vikatoka sawasawa, ishirini kwa ishirini. Hapo ndipo Bwana Faki aliponigeukia. Shoroba wana sheria mbili juu ya mgeni. Ya kwanza, kura zikilingana, mgeni ndiye anayeamua, kwa kuwa hana ndugu wa kumpendelea. Ya pili, ndani ya siku saba mgeni hashitakiwi kwa lolote. Nikapewa kijiwe changu.

Nilifikiri kama fundi. Upande mmoja mia nne na kumi na mbili. Upande wa pili kitambaa kibichi na neno la mama juu ya mwanawe. Wallahi, nilimhurumia. Lakini nilijiambia huruma si kipimo, na nilipenda pia, niseme kweli, namna wale watu wazima arubaini walivyonyamaza kunitazama mimi. Nikatia kijiwe katika kikapu cha Jemadari.

 Tulipotoka nje Bi Mwatima aliniambia, "Umechoka, mgeni. Twende ukale mihogo yako."

Mize alikuwa mlangoni akitungojea. "Haya babu, wewe ulitia wapi?"

"Kura ni siri," nikasema.

 Akacheka, lakini kicheko hakikufika nyumba ya pili. "Hewala," akasema. "Mgeni hakosi adabu ya kuficha." Akaenda zake kwake. Ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho.

Siku ya sita, asubuhi, maua yalifunguka huko nje na unga wake ukaingia na upepo. Nimewahi kuona vitu vya kuogopwa, lakini unga ule haukuwa mmoja wao. Unga wa njano, mwepesi, wenye harufu tamu, ulitua mabegani mwa watu na juu ya ndevu za Bwana Faki. Nilisimama njia panda ya nane pamoja na Bi Mwatima, aliyekuja kama raia, mikono mitupu, kitambaa amekificha ndani ya kanga. Mlinzi wa pale alikuwa Hamdu, baba wa watoto watatu, mtu aliyekuwa akimwamkia Bi Mwatima kila siku. Punje moja ikamtua kwenye kope. Akapiga ngoma.

Ya saba ikaitikia. Ya tisa ikaitikia. Punde si punde nchi nzima inanguruma, na kila mlinzi akimsikia mwenziwe anapiga kwa nguvu zaidi, maana kama mwenzangu anapiga vile basi ameona kitu. Kamba zikakazwa. Ute ukaanza kuteremka kutani, mzito, wa kunata. Kuta zikavimba mbele ya macho yangu, na ule ushoroba niliopita kwa ubavu ukawa hauwezi kupitisha mkono.

Halafu kuta zikaanza kupiga filimbi. Lo! Sauti ile naijua. Marehemu mke wangu alikuwa na pumu, na kifua chake kikibana kilitoa filimbi hiyo hiyo, nyembamba, ya kutoa pumzi isiyotoka. Miaka kumi na tisa nililala nikiisikiliza. Pale Shoroba niliisikia tena, safari hii imetoka kwenye nchi nzima.

"Hamdu, mwanangu," Bi Mwatima akasema, "basi. Huyu namjua. Ni unga wa maua."

"Mama, amri!" Hamdu alikuwa analia, na mikono yake haikomi kupiga. "Wamesema nikiacha mimi ni msaliti!"

Nikatazama kule mwisho kwa upenyo uliobaki. Pazia jekundu lilikuwa limetuna, limetuna kama tumbo, na halinywei. Upepo ulioingia umekwama humo ndani, na mpya hauna pa kuingilia.

Bi Mwatima alikitoa kitambaa chake. Walinzi wawili wakamshika mikono mara moja. Hakupigana nao. Aligeuka, akanitupia mimi kile kitambaa, na kibuyu kikafuata.

"Wewe mgeni! Sheria haikugusi! Weka!"

Nikalowesha kitambaa. Nilikuwa nimesimama mbele ya ngoma, hatua moja, kitambaa kinachuruzika maji mkononi. Na hapo, Mungu anisamehe, nikauliza.

"Na kama kweli ni adui?"

Nilimuuliza mama ambaye mwanawe anakosa pumzi. Nilitaka aniwekee ushahidi juu ya sahani ya mizani. Alilia tu, "Bwana fundi, bwana fundi," kama mtu anayemwita aliye mbali. Nilitazama unga, nikaunusa, nikaupangusa begani mwangu nikaona hauniunguzi. Ni muda gani ulipita? Nimejaribu kuupima mara nyingi tangu hapo. Muda wa kunywa kikombe cha kahawa, labda pungufu. Kisha nikatandika kitambaa.

Ngoma ikanyamaza. Hamdu aliendelea kuipiga, pu, pu, bila mlio, halafu akaanguka juu yake na kuikumbatia. Ya saba ikasita. Ya tisa ikasita. Kamba zikalegezwa. Lakini Shoroba hufunguka kuanzia langoni. Nyumba za mwisho hupata upepo mwisho. Tulikaa tukilitazama pazia. Lilinywea polepole. Upepo mpya ukafika, likatuna tena, likanywea, kama siku zote. Bi Mwatima akakimbia, ute ukimfika vifundoni, nami nyuma yake.

Mize alikuwa ameketi chini ya dirisha, kichwa ameegemeza ukutani, mikono yote miwili imelishika pazia. Upepo ulikuwa ukimpeperusha nywele. Hakuuhitaji tena.

Baraza lilikutana siku iliyofuata. Ilipitishwa kwamba marehemu ameuawa na adui wa njano, shujaa wa mstari wa mbele, na kwamba ngoma ziongezwe mara mbili ili jambo hilo lisirudie. Jemadari Ngwali alilia machozi ya kweli. Nilimwona, na sikumwona mnafiki. Bwana Faki alinishukuru kwa kura yangu ya busara. Kuhusu kile kitambaa walisema mgeni hakujua alitendalo, wakanisamehe. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu wa mashoroba mengine walikuwa hai, ilhali unga uliwaangukia wao pia.

Nilirudi nyumbani kwa Bi Mwatima nikakaa na uchungu wangu. Miaka thelathini na moja ninaishi na mizani! Mizani iliyotulia, mshale wake umesimama katikati, mtoto mdogo atadhani haifanyi kitu. Fundi anajua kwamba upande huu kuna uzito na upande ule kuna uzito, na ule utulivu ndio kazi yenyewe. Nilijua hayo kabla sijaota ndevu. Nikayasahau kwa sababu ya ngoma mia nne na kumi na mbili.

"Mama," nikamwambia, "kura ile ilikuwa yangu. Na hata kitambaa nilikichelewesha."

"Najua," akasema. "Nilikuwepo mara zote mbili." Alikuwa anakunja lile pazia jekundu. "Usiniombe nikusamehe leo, bwana fundi. Leo sina."

Majuto ni mjukuu, na wangu alikwishazaliwa. Nikachukua mkoba wangu niondoke. Akanifuata hadi langoni, kwa sababu kwao mgeni husindikizwa, hata mgeni kama mimi. Wafagiaji walikuwa wamekwenda kula upepo wao wa mchana. Nyuma ya jaa la takataka nikaona watoto watano wameketi chini, mikono yao myeupe kwa kuoshwa, wakimtazama yeye.

"Mkoba wako," Bi Mwatima akasema. "Unanuka mbuzi. Nimeusikia tangu siku ya kwanza."

Nikaufungua. Nikatoa mawe ya kupimia, nikaugeuza ndani nje, nikaukung'uta juu ya kitambaa chake alichokitandaza: majani makavu, manyoya, samadi iliyokauka, vumbi la zizi la miaka yote ile. Halikujaa hata viganja viwili. Alilikusanya kwa ncha za vidole, asipoteze hata chembe, akaenda kuketi katikati ya watoto.

Nimerudi kwetu. Daktari mmoja niliyemtengenezea mizani yake aliniambia kwamba katika damu ya mtu mna askari wachache ambao kazi yao ni kuwatuliza askari wenzao, na kwamba wakipungua kifua hujifunga kwa vumbi tu na unga wa maua. Aliniona nikifuta macho, akadhani namkumbuka mke wangu. Ni kweli, nilimkumbuka na yeye.

Lakini nilichokisikia nikiwa natoka lango la Shoroba ndicho ninachokihifadhi. Mtoto mmoja alipiga chafya. Mlinzi wa langoni akainua fimbo ya ngoma, na nikamsikia Bi Mwatima, sauti imemkauka kwa kilio cha siku mbili, akimwambia yule mtoto, "Usiogope, mwanangu. Tukisikilize kicheko chako." Mtoto akacheka kidogo. Haikuwa sauti ya kufika nyumba tatu, lakini mlinzi aliishusha fimbo yake.